Mafuriko ya Hapa na Pale

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi la mashariki mwa Detroit. Kaka mmoja, Lonnie kwa jina lililoshonwa kifuani mwa shati lake la kazi, alikuwa akiucheka utabiri wa hali ya hewa kwenye simu yake. "Radi, upepo mkali, na mafuriko hapa na pale. Pale ni wapi? Wanabahatisha tu hawa."

Mama aliyekaa kando yake akamjibu, "Pale ni kwangu, mwanangu. Mwaka jana maji yalijaa chumba cha chini ya ardhi, nikamtoa mume wangu nimembeba mgongoni."

"Si uhame, mama?"

"Nihamie kwako? Mkeo anapika vizuri?"

Mvua ilishaanza kupiga vioo. Basi likasimama kituoni, kwenye maji ya magotini. Mama akavua viatu, akashuka taratibu. Lonnie, ambaye naye alikuwa ashukie hapo, akamwomba dereva amsogeze mbele kidogo, mahali pakavu. Dereva akazima injini, akamwonyesha mlango.