Maji ya Kibuyu cha Boazi

Ndugu waombolezaji, poleni, na asanteni kwa kuja. Mimi ni Scola, dada mkubwa wa marehemu Kalisti Nzunda. Ni yeye mwenyewe aliyeniagiza nisome hapa leo, na alinipa sharti. Alisema, "Dada, usiniandikie kwamba nimefariki baada ya kuugua kwa muda mrefu. Hayo wanaandikiwa watu wote. Andika nilichomeza." Kwa hiyo baadhi ya mambo nitakayosoma hayajazoeleka msibani. Mtanivumilia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 hapa hapa kijijini Ihanda, wilayani Mbozi, mkoani Mbeya. Alikuwa mtoto wa tatu wa marehemu mzee Sadock Nzunda na mama yetu Enesi, ambaye ameketi hapa mbele. Tangu utotoni Kalisti hakujua kutembea, alijua kukimbia tu. Mama akimtuma chumvi dukani, sufuria haijachemka kesharudi. Mara nyingine alirudi mikono mitupu, kwa sababu aliondoka mbio kabla ya kusikia anatumwa nini. Mama alimchapa kwa hilo, halafu akacheka mwenyewe.

Alisoma shule ya msingi hapa kijijini na kumaliza darasa la saba mwaka 1983. Hakuchaguliwa kwenda sekondari, lakini kwenye michezo ya shule za wilaya alikimbia peku akawaacha wenye viatu, akazawadiwa beseni la plastiki. Beseni hilo Mama analo mpaka leo. Limetoboka, na ole wako ujaribu kulitupa.

Mwaka 1987, biashara zilipoanza kufunguka, alikwenda Tunduma kubeba mizigo mpakani. Alibeba marobota ya mitumba, sukari, sabuni, chochote. Wafanyabiashara wa upande wa Zambia walimwita Lubilo, yaani mwenye mbio, kwa sababu alishusha mzigo na kukimbilia mwingine wakati wenzake wanajinyoosha migongo. Kazi ile ndiyo iliyomfundisha vidonge. Pale mpakani dawa za maumivu ziliuzwa mojamoja kama peremende, na wabebaji walizimeza asubuhi kabla hata ya kuumwa. Waliita kutanguliza. Kalisti naye akawa anatanguliza, kwanza kwa ajili ya mgongo, baadaye kwa ajili ya goti, na mwisho kwa mazoea tu.

Tarehe 17 Septemba 1994 alifunga ndoa na Christina, na ninyi shemeji zangu wote mnajua ni kwa jinsi gani: bwana harusi alifika kanisani Vwawa akiwa amelowa jasho, gari lilipoharibika njiani akaona kulisubiri ni uvivu. Christina alikubali kuolewa na mtu anayenuka jasho, na akamtunza kwa upendo hadi siku ya mwisho. Wifi yangu, Mungu akulipe.

Sasa nafika Kamsamba. Baba mdogo Anania aliniomba juzi niikate sehemu hii. Sijaikata.

Oktoba 1996 wafanyabiashara wa mpunga waliandaa mbio za kilomita thelathini kule Kamsamba, na zawadi ya kwanza ilikuwa baiskeli mpya. Mnajua joto la bondeni, na Kalisti alikuwa mtu wa baridi ya huku juu. Goti lilikuwa linamsumbua. Alimeza vidonge viwili vya diklofenaki kabla ya kuanza, na vingine viwili alivificha kwenye ukanda wa bukta akavimeza njiani. Maji ya vituoni aliyapita, maana kusimama aliona ni kupoteza baiskeli. Hakusikia goti, hakusikia chochote. Aliongoza, kisha kilomita chache kabla ya kumaliza akaanguka.

Aliyekuwa wa pili ni Boazi Masanja, kijana wa wafugaji waliohamia kule bondeni. Boazi angeweza kumruka akaenda kuchukua baiskeli yake. Alisimama. Alimburuta hadi kivulini, akachukua kibuyu cha maji kwa mama yake aliyekuwa pembeni akishangilia, akamnywesha taratibu mpaka alipozinduka. Baiskeli ilichukuliwa na mtu wa tatu.

Kalisti alilazwa wiki kadhaa, mkojo wake mweusi kama chai ya rangi iliyochemka mno. Na huku nyumbani tayari hukumu ilikuwa imetolewa. Kalishwa kitu kwenye kibuyu! Wageni wale wana dawa zao! Boazi alipopandisha mpunga wake kuuza Mlowo, vijana wa huku walimvunjia baiskeli ya kuazima na kumwaga mpunga barabarani. Mama yetu aliapa kwamba mtu huyo asikanyage uwanja huu. Boazi hakurudi tena Mlowo. Kalisti hakumtetea, kwa kuwa yeye mwenyewe hakujua. Alipopata nafuu alirudi Tunduma, kwenye mizigo na vidonge vilevile.

Mwaka 2006 miguu ilianza kuvimba. Daktari mjini Mbeya alimpima akamwuliza swali moja, "Unameza nini?" Alipotajiwa, akatikisa kichwa. Alimweleza kwamba mtu akikimbia juani bila maji, figo zinapungukiwa damu, na dawa ya aina ile inazibana zaidi. Maumivu yanazimwa, madhara yanaendelea. Figo ziliumia siku ile ya Kamsamba, na miaka kumi ya kutanguliza ikazimaliza. Kalisti akamwuliza, "Na yale maji ya kibuyu?" Daktari akajibu, "Bila maji yale, pengine wangekuzika mwaka ule ule."

Alirudi akatueleza kwenye kikao cha ukoo. Baba mdogo Anania akasema, "Huyo daktari wa mjini anajua nini mambo ya huku?" Kalisti hakubishana. Kesho yake alishuka Kamsamba, akamwomba Boazi radhi mbele ya mama yake na majirani. Boazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tu, "Mimi nilijua nimekupa maji, ndugu yangu. Kula kwanza."

Tangu hapo, kila palipokuwa na mbio, Vwawa, Tunduma hadi Ibaba, Kalisti alisimama mstarini na miguu yake iliyovimba akipaza sauti: "Nani katanguliza? Aliyemeza atoke, kesho atakimbia!" Vijana walimtania wakamwita Bwana Figo. Aliitika. Hakuwa adui wa dawa. Christina akiumwa kichwa, yeye ndiye aliyemletea kidonge na maji. Alichokataa ni kumeza ili usisikie mwili ukikuomba usimame. Alikuwa akisema, "Kama huwezi kukimbia bila kidonge, leo si siku yako. Kaa chini ushangilie." Wapo hapa waliokasirika naye siku hizo, na wana figo zao mbili.

Mwaka jana hali ilibadilika. Huduma ya kusafisha damu ilikuwa mbali na gharama yake hatukuiweza. Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2014, akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano, mkono wake ukiwa mikononi mwa mkewe. Hakurogwa. Narudia kwa walio nyuma: hakurogwa na mtu yeyote.

Ameacha mjane, Christina. Watoto watatu, Tuntufye, Restuta na Zabron. Mama yetu Enesi. Na mimi dada yake. Ameagiza pia tumtaje hapa, baada ya ndugu wa damu, ndugu yake Boazi Masanja, aliyefika jana kutoka Kamsamba.

Tukitoka makaburini tutanawa mikono mlangoni kama ilivyo desturi yetu. Maji atamimina Boazi, kwa kibuyu kile kile cha mama yake, na Kalisti aliomba kwamba kila anayenawa anywe pia. Mama amesema ataanza yeye. Baba mdogo Anania, utamfuata.

Kalisti, mdogo wangu, nimesoma yote uliyoniagiza. Sasa pumzika, Mungu yupo nawe.