Punda Watatu Wasio na Miguu

Nisikilizeni wanangu, na mwache kunipepea, mimi si jiko la mkaa. Jana nilijiumbua mbele ya muuguzi aliyenirudisha kutoka hospitali. Nilimwonyesha picha yangu ya punda watatu, hiyo hapo ukutani, nikamwambia kwa mbwembwe, "Tazama wanavyotimka, na sijachora hata mguu mmoja!" Akasogea, akatazama, akasema kwa adabu, "Mzee, mbona mimi nahesabu kumi na miwili?" Nikavaa miwani. Kumi na miwili kweli, na kwato zimeng'arishwa kama viatu vya bwana harusi.

Kifungua mimba, usiangalie dirisha. Mchora mabango katika nyumba hii ni wewe peke yako, na dada yako kaniambia ulijifungia humu juzi.

Punda wale niliwaona kwa macho yangu: walikurupuka na mkokoteni, wakanipita nusura wanisage. Miguu sikuiona, niliona vumbi na hasira. Ndiyo maana nilishika brashi pana ya kupakia kuta rangi, nikachota rangi nzito kama siagi, nikaipiga kwa nguvu za bega zima, mpaka nywele za brashi zikaacha mifereji ambayo hata kipofu angeipapasa akajua kuna mnyama anakimbia. Mbio zao zimo mle. Wewe ukaja na kibrashi chembamba, ukawasimamisha kama wanapigwa picha ya kitambulisho! Miaka yote umenichukia kimyakimya. Nami nakiri, niliyacheka mabango yako mbele za watu, na nilicheka vibaya. Ungenitukana mimi. Punda wamekukosea nini?

Basi shikeni haya. Nyumba gawaneni, mkitaka kugombana gombaneni. Chumba changu cha kazi ni cha dada yako, maana yeye hagusi asichokielewa. Picha ni yako wewe. Ndiyo, wewe! Lakini kwa sharti. Rangi ya mafuta hukawia kukauka. Tangu juzi ni siku mbili tu, bado laini. Chukua kisu changu chembamba, ikwangue miguu yote, taratibu, usiguse mifereji. Ningefanya mwenyewe, ila mkono huu... hata kijiko unamwaga. Fanya sasa hivi, nikitazama. Nikiwaona wanakimbia tena, nitakuwa radhi nawe, na Mungu akupe... nipeni maji... akupe mkono mwema kuliko... kuliko ulimi wangu. Haya. Shika kisu, mwanangu.

"Sikutumia rangi ya mafuta, baba. Nilitumia ya mabango. Ilikauka siku ileile."