Kikombe cha Isack

Sogeeni karibu, wanangu, na wewe Gladness nyamaza, maana sauti yangu imebaki kidogo na sitaki ishindane na kilio chako. Hosea, kaa. Najua ng'ombe hawajakatiwa majani, watasubiri. Daktari amewaambia ninyi ukweli kuhusu saratani hii ya koo, na mimi pia ameniambia, kwa hiyo tusidanganyane humu ndani. Hata uji haupiti tena. Nitasema mara moja, na asinikatize mtu.

Kihamba hiki, migomba, kahawa na nyumba hii, ni cha Isack, kitinda mimba wangu, kama baba yangu alivyonipa mimi niliyekuwa wa mwisho kwake. Hosea, wewe nilikukatia shamba lako kule juu ulipooa, na Gladness ana sehemu yake kando ya mfereji, asiiguse mtu. Nimesikia unavyonong'ona kwa wajomba zako, Hosea, kwamba kihamba hapewi mwenye virusi vya UKIMWI kwa sababu leo yupo, kesho hayupo. Mwanangu, anayekufa katika chumba hiki ni mimi. Mdogo wako akimeza dawa zake atazeeka hapa mpaka wewe mwenyewe umchoke.

Akizimeza. Hapo ndipo roho yangu inapokataa kutulia.

Mnakumbuka Krismasi iliyopita, ndugu wote wamepanda kutoka mijini, mbuzi amechinjwa. Mbege, pombe yetu ya ndizi, ilipomiminwa nilionja kwanza mimi, kama desturi yetu, nikampa Hosea kibuyu, akanywa, na zamu ikawa ya mdogo wake. Hukumpa, Hosea. Ulitoa kikombe cha plastiki ukammiminia humo, mbele ya mashemeji na watoto, eti tahadhari. Tahadhari gani? Virusi havipiti kwenye kibuyu, wala kwenye sahani, wala kwa kushikana mikono. Vinapita kwenye damu, na kitandani, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Mhudumu wa kliniki alitueleza hayo mimi na wewe siku tulipomsindikiza Isack, nawe ukaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi hodari. Mimi siku ile ya Krismasi nilimtazama mdogo wako usoni. Alikunywa, akacheka pamoja nanyi, na tangu hapo hakumeza dawa mbele ya mtu. Kisha akaacha kabisa.

Ndiyo, Isack, najua. Mkeo Martha alikikuta kikopo chako cha dawa kimefichwa chini ya gunia la mahindi, vidonge vimejaa, akaja kukaa pale unapokaa sasa, akakifungua mbele yangu. Usimkasirikie. Ulipokuwa unameza bila kuruka, kipimo kilifika mahali hakivioni tena virusi, mkaambiwa kwamba ukibaki hivyo humwambukizi mkeo, na kwa matumaini hayo mkatafuta mtoto. Sasa mtoto yumo tumboni na wewe umeviacha virusi viamke! Uliona haya ya kikombe, ukamsahau mwanamke unayelala naye. Nina hasira na wewe, baba, na ninakupenda, na vyote viwili vinanichoma kuliko ugonjwa huu.

Martha, mkamwana wangu, kipimo chako cha mwisho kilikuwa safi, lakini ni cha kabla ya haya. Upimwe tena. Ukiwa salama, watakupa dawa za kukukinga, na mtumie kondomu mpaka virusi vya mumeo vilale tena. Msinione mzee sijui kitu hicho. Ukikutwa navyo, unaanza dawa siku hiyohiyo, na mtoto anaweza kuzaliwa bila virusi. Usikimbilie kwa mtu wa maombi atakayekwambia utupe vidonge. Omba Mungu, na umeze.

Hosea, toka nje ukate jani la isale pale mpakani. Nenda. Nisubirini... nivute pumzi.

Umerudi. Mpe mdogo wako kwa mikono miwili. Usiseme neno, wewe ukisema unaharibu. Isack, unajua kwamba mtu akikuombea msamaha kwa isale hukatai, hata kama moyo umefura. Pokea. Haya. Gladness, mpe maji na kidonge, ameze hapa mbele yetu, na kuanzia leo ameze mezani kama watu wanavyokunywa chai.

Nimeona. Ahsante, baba.

Mungu wa baba zangu awatunze, awape watoto watakaowazika ninyi, asiwape ninyi kuwazika wao. Ningewatemea mate ya baraka kifuani, ila kinywa kimekauka. Shikeni mkono wangu, inatosha.

La mwisho. Kesho asubuhi Isack na Martha wanashuka kliniki, na Hosea anakwenda nao. Mkiamka mkanikuta... nimekwenda, msipige yowe. Msiite majirani. Mnajua msiba wetu, watu wakishajaa uani hamtoki tena mpaka wiki iishe. Nifunikeni shuka, Gladness abaki nami, mlango ufungwe. Ninyi nendeni kwanza.

Mimi... sina haraka tena.