Maswali ya Mwalimu Kuhusu Mkaguzi

Ukitaka habari isiyo na uhakika, njoo kwenye benchi letu. Liko pembeni ya duka la vioo, linakalisha watu wanne wakibanana, na mimi nina miaka tisa nikiuza kahawa mbele yake. Wananiita Shangazi, hata wale walionizidi umri, na nimeshachoka kubisha. Kuna Chuma, anayechomelea mageti hapo nyuma. Kuna Dobi, ambaye nguo za wateja huzinyoosha kwa pasi na maneno ya wenzake huyakunja apendavyo. Kuna Takwimu, karani mstaafu, hawezi kukwambia mvua inanyesha bila kutaja asilimia. Na kuna Fundi Saa, mpole, mwenye meza yake ndogo ya kioo. Mkewe alifariki mtoto wao akiwa na miezi mitatu. Mtoto huyo sasa ana miaka minne na tunamwita Mkaguzi, maana hakuna kitu kinachopita mbele yake bila kukaguliwa. Asubuhi ile Mkaguzi alikuwa chekechea, na baba yake alikaa katikati ya benchi na karatasi mkononi, kahawa yake imepoa, saa ya mteja imelala mezani ikiwa wazi.

Fundi Saa: Siku tisa, Shangazi. Siku tisa yuko chekechea na hajafungua mdomo. Mwalimu kanipa maswali niyajibu, atayafuata hapa saa sita. Asiporidhika, mtoto anarudi nyumbani mpaka mwakani.

Chuma: Arudi. Kwani hapa kuna ubaya gani?

Fundi Saa: Shemeji, dada wa marehemu mke wangu, keshasema. Chekechea wakimkataa, anakuja kumchukua akaishi naye. Eti mtoto wa kike hakui chini ya meza ya saa, katikati ya watu wanaopiga domo kutwa. Na mimi nilikubali, nikampa neno langu. Kwake ni safari ya siku nzima kwa basi, ndugu zangu. Nitamwona mwanangu mara mbili kwa mwaka.

Kahawa ikanimwagikia kidoleni. Nikakifuta kwa kanga.

Takwimu: Tulia, Fundi. Kitaalamu, asilimia themanini na moja ya watoto wasiosema huwa wanafikiri.

Dobi: Na waliobaki?

Takwimu: Wamenuna.

Dobi: Hizo hesabu unaziokota wapi wewe?

Takwimu: Zipo.

Dobi: Basi mimi nakwambia tatizo ni sare. Nimeipiga pasi mwenyewe, kola ile ni ngumu kama kadibodi. Shingo ikikabwa, maneno yatapita wapi?

Chuma: Acha zako. Ubongo wa mtoto mdogo bado ni wa moto, viungo ndiyo kwanza vinashikana. Ukimhamisha ghafla unapoa upande mmoja, unajikunja. Mageti yangu yananifanyia hivyohivyo kila siku.

Dobi: Sasa tumpige nyundo?

Takwimu: Wote hamjui. Mtoto huzaliwa na akiba ya maneno laki moja. Huyu wetu ameyamalizia hapa kwa kuuliza "kwa nini". Anasubiri mengine yateremke.

Shangazi: Yateremke kutoka wapi, mzee mzima? Fundi, hebu soma maswali kabla hawa hawajakutia wazimu.

Akasoma. La kwanza lilikuwa kama mtoto anaweza kuhesabu na kugawa vitu. Takwimu akavimba kichwa papo hapo.

Takwimu: Andika, amefundishwa na mimi.

Shangazi: Amefundishwa na vikombe vyangu. Kila asubuhi anagawa yeye, kimoja kwa kila mtu. Wiki ile ulipolala na maumivu ya mgongo, unajua alifanya nini? Alibaki na kikombe mkononi, nikamwambia kirudishe. Akakataa. Akaniambia, "Hiki kina mtu wake. Yuko wapi?" Alikishika mpaka mchana.

Takwimu: Hamjaniambia hilo.

Shangazi: Hukuuliza.

Akavua miwani akaifuta, na kwa mara ya kwanza hakutaja asilimia yoyote.

La pili, kama anaweza kutambua vitu vinavyofanana. Dobi hakungoja swali liishe.

Dobi: Soksi! Andika soksi. Soksi zote za wateja anazipanga yeye. Macho yangu mimi yameshachoka, nyeusi na buluu siku hizi naona ni ndugu. Yeye hakosei. Akimaliza ananiambia, "Hii moja imepotelewa na mwenzake, usiikunje, itie juu aione." Mimi nimefua nguo miaka thelathini, sijawahi kufikiria soksi inaona.

Fundi Saa akaandika, akacheka kidogo, kisha akafika swali la tatu na kicheko kikamwishia.

Fundi Saa: "Mtoto akikasirika hufanya nini?" Hapa nimekwama. Mwanangu akikasirika anaondoka kwenda nyuma ya ukuta, na akirudi ametulia. Miaka miwili sasa. Sijui huko nyuma huwa anafanya nini.

Chuma, ambaye kwa kawaida husikika mpaka barabara ya pili, alikuwa anaangalia viatu vyake.

Chuma: Huwa tunapima.

Fundi Saa: Mnapima nini?

Chuma: Hasira. Anakuja amefura, namuuliza leo ina urefu gani. Anaivuta futi yangu mwenyewe mpaka pale anapoona imetosha. Siku ile uliyomkataza kugusa saa ya mteja ilifika mita tatu, tukaishiwa uwanja. Basi, tunakaa. Simwambii anyamaze wala simbembelezi. Tukimaliza kukaa tunapima tena. Ikishuka chini ya kidole, namwambia haya, nenda kwa baba yako.

Fundi Saa: Nani alikufundisha hayo?

Chuma: Nani anifundishe? Mimi nikiwa na hasira utotoni nilipigwa mpaka nikasahau nilikasirikia nini. Sikutaka na yeye asahau.

Dobi alitaka kutia utani, nikamtolea macho, akaumeza.

Fundi Saa: Bado moja. "Akiumia au akiogopa, hukimbilia kwa nani?"

"Kwangu!"

Tulisema wote, kwa pamoja, na mimi nikiwemo. Halafu kikawaka. Chuma akasema aliyemtoa kigae cha kioo mguuni ni yeye, na mtoto hakulia. Dobi akasema radi ikipiga Mkaguzi haendi popote ila kwenye kapu lake la nguo, na ushahidi upo, shuka za watu zina alama za vidole. Takwimu akaleta kisa cha mbwa wa jirani, kwamba mtoto alijificha nyuma ya magoti yake. Mimi nikawaambia mafua yote tangu anatambaa yamefutiwa kwenye kanga yangu, wakae kimya.

Fundi Saa: Akiota vibaya huja kwangu.

Alisema taratibu sana, tukaona aibu. Kalamu ilikuwa mkononi na mstari wa jibu ulikuwa mtupu.

Saa sita ikatukuta hapohapo. Mwalimu alitokea kona ya duka la vioo, mwanamke wa makamo mwenye mkoba mzito, amemshika Mkaguzi mkono. Mtoto amebana midomo. Fundi Saa akasimama, akakaa, akasimama tena. Mkaguzi akatuona. Akauchomoa mkono wake, akaja moja kwa moja kwenye beseni langu la vikombe.

Mkaguzi: Shikamooni. Babu Takwimu, kaa vizuri, utamwaga. Mjomba Dobi, soksi umezificha wapi? Baba, mbona hii saa umeiacha wazi, vumbi litaingia. Shangazi, Mwalimu hana kikombe! Leo watu wazima wako sita. Mjomba Chuma, simama, Mwalimu akae.

Chuma akasimama. Mwalimu akakaa, kikombe kikiwa tayari mkononi mwake, na mdomo wazi.

Mwalimu: Ndiye huyuhuyu?

Fundi Saa: Ndiye, Mwalimu.

Mwalimu: Nilidhani nyumbani hana mtu wa kuongea naye.

Dobi akapaliwa na kahawa. Mwalimu akaichukua ile karatasi, akaisoma polepole, akarudia pale pa kupima hasira, akamtazama Chuma kuanzia kofia mpaka buti.

Mwalimu: Fundi, mtoto wako yuko sawa. Bado hajatuzoea tu, na hilo si kosa lake. Anabaki.

Fundi Saa: Anabaki?

Mwalimu: Anabaki. Mwambie huyo shemeji yako uliyenieleza asijisumbue na safari.

Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, na nikammiminia Mwalimu kahawa juu ya kahawa, kikombe kikafurika.

Mwalimu: Ila nahitaji msaada. Wiki hii inayokuja aje naye anayemlea, akae nyuma ya darasa, mpaka mtoto aone kwamba na kule ni kwake. Kiti kipo kimoja tu. Niandike nani?

Fundi Saa alifungua mdomo kujibu. Akamtazama Chuma, akamtazama Takwimu, akamtazama Dobi, akanitazama na mimi.

Fundi Saa: Mwalimu, miaka minne nimekuwa nikiwaambia watu namlea mtoto peke yangu. Nilikuwa nasema uongo na sikujua. Ndugu zangu, asanteni. Shangazi, asante. Sijawahi kuwaambia.

Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi.

Mwalimu: Sawa, nimesikia. Lakini niandike nani?

Takwimu alikuwa anatuhesabu kwa vidole, akifika watano anaanza upya, Chuma ametazama ukuta, na Dobi alikuwa anafuta machozi kwa shati la mteja.