Maji Nyuma ya Shabgir

Benchi lenyewe ni ubao uliolazwa juu ya madebe mawili ya mafuta ya kupikia, mbele ya tanuri la mikate la Bismillah, pale Zeytinburnu, Istanbul, mtaa ambao ukipiga chafya utaombewa rehema kwa lafudhi ya Kabul. Hukaa hapo wasio na kazi, na wenye kazi wasiotaka kuifanya. Asubuhi ile Sakhidad, fundi cherehani, alifika na jagi la shaba lililojaa maji. Akalitua kwenye kivuli chini ya benchi, akawasha sigara, akakohoa, akaendelea kuvuta. Hakuna aliyeuliza jagi ni la nini. Binti yake Nazdana alikuwa anaondoka siku hiyo kwenda Hamburg kusomea uuguzi, na kwao msafiri akitoka mlangoni humwagiwa maji nyuma yake ili arudi.

Sakhidad alitaka kujua jambo moja tu: hivi waliokwenda hurudi? Lakini mtu mzima na ndevu zake hawezi kuuliza hivyo mbele za watu. Bahati nzuri Bismillah alikuwa amefungulia wimbo wa Sikandar Shabgir, kama kila siku, ule wa "forosadi zikiiva nitakuja", matunda ya miti ya kwao, na Sakhidad akapata pa kupenyea.

— Huyu Shabgir ameahidi kuja tangu mimi nina nywele, akasema. Mbona haji?

Basi kaanzisha. Jenerali, ambaye jeshini alikuwa mpishi lakini kuamuru watu hakuacha mpaka leo, aliweka kikombe chini na kuanza tangu mwanzo. Shabgir alikuwa kijana wa shule mwenye kinanda cha kuazima na suruali pana miguuni, redio ikamtangaza, wasichana wa Kabul wakawa hawalali. Vita vilipochacha akakimbilia Peshawar, Pakistan, akaimba kwenye harusi za wakimbizi. Kutoka hapo Moscow, kutoka Moscow Hamburg, na siku hizi anaonekana kwenye televisheni amepaka nywele rangi na kuvaa koti la kumetameta. Kule nyumbani muziki ulipopigwa marufuku, kaseti zake zilichanwa kwenye vizuizi vya barabarani na utepe wake ukatundikwa mitini.

— Nimeiona kwa macho yangu, Jenerali akasema. Sauti ya Shabgir imening'inia kwenye mti, inapepea. Nikavua kofia.

— Sasa kwa nini harudi? Sakhidad akauliza. Ilikuwepo miaka ya nafuu hapo kati, wenzake wote walikwenda, wakaimba, wakashangiliwa.

— Mwanamke. Kuna msichana alimtungia wimbo, akamtaja mpaka na mtaa wao. Kaka zake wangali wanamsubiri.

Injinia akacheka puani. Huyu alisoma uhandisi mwaka mmoja kabla chuo hakijafungwa, na toka hapo hajatengeneza hata kitasa.

— Jenerali, unatupiga kamba. Shabgir alikufa zamani, kule kule Peshawar. Huyu wa televisheni ni mpwa wake.

— Umeanza.

— Tazameni kidoti. Kwenye kasha la kaseti kiko shavu la kushoto. Kwenye televisheni kiko la kulia. Kidoti kinahama?

Bismillah alitoa kichwa tanurini akasema labda picha ya kasha ilichapwa kinyume. Injinia akamwambia achome mikate. Jenerali, kwa kuwa mabishano humkausha koo, akainuka kuongeza maji kwenye birika, akajaza, akatupia iliki, akarudi kukaa. Sakhidad hakumtazama. Macho yake yalikuwa kwenye mlango wa ngazi za chini, nyumbani kwake, ambako Nazdana alisikika akivuta sanduku.

— Shabgir alimwagiwa maji? Sakhidad akauliza, taratibu. Alipotoka Kabul, yupo aliyemmwagia?

Hilo hawakuwa wamelifikiria. Jenerali, asiyekubali kukosa jibu, alidai kwamba mama yake Shabgir alimwaga ndoo nzima mpaka gari likateleza. Injinia, akisahau kwamba amekwisha kumuua Shabgir kule Peshawar, akasema kumbe ndiyo maana: maana Peshawar nako mwenye nyumba alimwaga, na Moscow nako lazima yuko Mwafghani aliyemwaga, sasa maji ya huku yanamvuta huku na ya kule yanamvuta kule, mtu wa watu kabaki katikati hajui ajibu wito upi.

— Ya Moscow hayamvuti, Jenerali akakata shauri. Yaliganda pale pale ngazini.

Walicheka, hata Sakhidad, ingawa kicheko kilimgeukia kikohozi. Hapo ndipo alipopita Mahgul, mjane aliyehamia ghorofa ya juu wiki iliyopita kutoka Mashhad, Iran, amekuja kununua mkate. Aliwasalimia, akasimama kusikiliza huku mkate ukimuunguza mkono.

— Samahanini kaka zangu, akasema. Na huyo binti wa leo, mkimmwagia maji, mnataka arudi wapi?

Injinia alianza kusema Kabul, akaacha mwenyewe. Hapa? Kwenye chumba cha chini chenye ukungu, ambacho mwenye nyumba anaweza kukitaka hata mwezi ujao? Sakhidad aliona aibu, kwa sababu swali hilo alikuwa nalo usiku kucha na hakuthubutu kulitazama. Alitaka mtoto wake asirudi kamwe kwenye chumba kile. Na alitaka arudi. Vyote viwili vilimuuma pamoja.

Bismillah akapangusa unga mikononi, akaingilia. Binamu yake wa Peshawar aliwahi kumsimulia kwamba mama yake Shabgir naye alikimbia Kabul baadaye na akazikwa kule kule Peshawar. Na kwamba kila mwaka, forosadi zikianza kuiva, huonekana mwanamume mwenye koti la kumetameta ameketi makaburini, haimbi.

— Kwa hiyo huwa anarudi, Sakhidad akasema.

— Hurudi kwa aliyemwaga, Bismillah akajibu.

Teksi ikapiga honi. Nazdana akapanda ngazi na sanduku lake, akawaaga wazee mmoja mmoja, akambusu baba yake mkono, akamnong'oneza kuhusu sigara kama anavyomnong'oneza kila siku. Gari likaondoka. Sakhidad akainama kuchukua jagi. Lilikuwa jepesi. Akaligeuza, likadondosha tone moja.

Wote wakalitazama birika, lililokuwa linachemka kwa raha zake. Kisha wakamtazama Jenerali.

— Nilidhani ni ya chai, Jenerali akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya mpishi.

Hapakuwa na muda wa kugombana. Sakhidad alinyakua birika lenyewe, akakimbia katikati ya barabara, mtu mwenye kifua kibovu, akaimwaga chai yote nyuma ya teksi, na iliki zake, mvuke ukapanda mpaka kiunoni mwake. Kwenye kioo cha nyuma Nazdana aligeuka akaona. Alikuwa anacheka na kulia. Gari likakata kona.

Alirudi taratibu, akaketi, akahema mpaka pumzi ikatulia. Chai ilikuwa imekwisha na hakuna aliyethubutu kuitaja. Akatoa pakiti ya sigara mfukoni, ikiwa bado nusu, akampa Injinia.

— Ya nini hii?

— Chukua tu, Sakhidad akasema. Mimi inabidi nikutwe akirudi.