Bwana Subiri na Ugomvi wa Simu Kuukuu

Marehemu alizaliwa Jumatano, tarehe 14 Machi 1979, katika nyumba ya kupanga nyuma ya kituo cha mafuta. Alikuwa kitinda mimba wa fundi cherehani na mkewe, mfua nguo wa hospitali. Mama yake husimulia kwamba siku za kujifungua zilipita na mtoto hataki kutoka, mpaka mkunga akacheka: "Huyu ana hoja zake huko ndani. Tumwache azimalize."

Alianza shule ya msingi mwaka 1986, kisha sekondari ya bweni mwaka 1993. Huko aliwahi kubishana na mwalimu wa hesabu kipindi kizima. Mwalimu alipochoka akamwambia, "Haya kaa, umeshinda." Marehemu akabaki wima. "Sijashinda, mwalimu. Sijamaliza." Alimaliza shahada ya kompyuta mwaka 2003.

Mwaka uliofuata aliajiriwa kuandika programu katika ofisi iliyokuwa juu ya duka la rangi, ambako harufu ya rangi ilipanda ngazi pamoja na wafanyakazi. Kwenye meza ya jirani alikaa kijana aliyeitwa Mrefu, nao wakawa chanda na pete. Kwenye vikao, kila walipotaka kufuta kitu, marehemu aliinua mkono: "Subirini kwanza." Ndipo akaitwa Bwana Subiri.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 20 Desemba 2008, na mwalimu wa shule ya msingi. Mrefu ndiye aliyemsimamia, na ndiye aliyedondosha pete. Mungu aliwajalia mabinti wawili.

Mwaka 2011 marafiki hawa walitengeneza programu ya simu inayowakumbusha wagonjwa saa ya dawa kwa sauti. Waliitoa bure, na waandishi wengine wa programu, wengi wasiowahi kuonana nao uso kwa uso, wakajitolea kuisaidia kupitia mtandao. Mtumiaji wa kwanza alikuwa mama yake marehemu, mwenye shinikizo la damu.

Ugomvi ulianza mwaka 2022. Mrefu alitaka toleo jipya liache kuzihudumia simu za zamani. Walilizungumza sebuleni kwa marehemu, na chai aliyoandaa mkewe ikapoa mezani bila kuguswa.

"Wagonjwa wangu wengi wana simu hizo hizo," marehemu alisema. "Unawatupa?"

"Simu hizo zina matundu, ndugu yangu. Mwizi anaingia, anasoma nani anaumwa nini. Wewe unataka kuziacha siri za watu mlango wazi?"

"Siri haimuui mtu. Kukosa dawa kunaua."

"Mwambie hivyo aliyefukuzwa kazi kwa sababu ugonjwa wake ulijulikana!"

Mrefu aliondoka bila kuaga. Kwenye kundi lao la mtandaoni wenzao waligawanyika, wakaandikiana maneno ambayo watu wazima hawaandikiani. Wawili walijitoa. Mke wa marehemu alikwenda mwenyewe kwa Mrefu. "Shemeji, mwachie basi. Halali usiku."

"Shemeji, hata mimi silali. Siri za watu zikivuja, nitamjibu nani nini?"

Mke alirudi nyumbani mikono mitupu. Kilichomwumiza zaidi ni kwamba alimwona mumewe ana haki, na Mrefu naye ana haki.

Januari 2024 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo. Juni, akiwa amelazwa, wenzake walipiga kura kuhusu simu za zamani, naye akashindwa. Alisoma matokeo kwenye simu, akamkabidhi mkewe. "Wengi wape," akasema, akageukia ukutani.

Toleo jipya lilipotoka, sauti ya dawa ikanyamaza kwenye simu ya mama yake. Wanawe walimnunulia simu mpya, lakini vidole vyake, vilivyokauka kwa miaka ya sabuni, havikuweza kuiamrisha. "Kioo hiki hakinitambui," alisema, akairudisha kwenye boksi. Marehemu alijaribu kutengeneza njia nyingine kwa ajili ya simu za zamani, lakini mikono ilikuwa imevimba na macho hayakutulia kwenye kompyuta. Hivyo akawa anampigia mwenyewe, asubuhi na jioni.

"Mama, dawa."

"Nishameza. Na wewe zako?"

Jumapili, tarehe 6 Oktoba, Mrefu alifika wodini. Walikumbatiana, wakalia, wakaulizana habari za watoto. Kisha Mrefu akasema afadhali sasa siri za wagonjwa ziko salama, na moto ukawaka upya. Muuguzi alikuja mbio: "Jamani, hii ni wodi, si bunge!" Mke alisimama miguuni pa kitanda asijue amtoe mgeni au amwache, maana uso wa mumewe ulikuwa umepata damu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi. Mrefu alipotolewa aligeuka mlangoni: "Jumatano narudi. Tutaafikiana."

Marehemu alifariki Jumanne asubuhi, tarehe 8 Oktoba 2024.

Mrefu alikuja Jumatano kama alivyosema, akakuta maturubai. Alimwuliza mjane kama marehemu aliacha neno lolote kwake. Hakuacha. Ujumbe wa wagonjwa unaendelea kuingia kwenye simu ya marehemu, wakiuliza kwa nini sauti imenyamaza. Jioni ya Jumatano ile, katikati ya waombolezaji, mjane alikumbuka. Akachukua glasi ya maji, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake.

"Mama, dawa."

Mama alimeza. Kisha akakaa na glasi mkononi, akamtazama mkwewe kama anayetaka kuuliza jambo, akasema, "Yeye nilikuwa namwuliza, 'Na wewe zako?'"

Marehemu ameacha mjane, mabinti wawili, kaka wawili, dada mmoja, rafiki aliyekuwa ndugu, na mama mzazi, ambaye leo anamzika mwanawe.

Neno la mwisho halikupatikana kwa marehemu wala kwetu. Mungu ampokee, apumzike kwa amani.