Mama Fidélie na Kalenda Isiyo na Sahihi

Tarehe 30 Septemba 2025 Mama Fidélie Kasanda anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwashauri wakulima kutoka Kituo chetu cha Mpunga hapa Kindu. Ameomba tusimlilie. Claire wa mapokezi ameshindwa tangu Jumatatu.

Alipoajiriwa mwaka 1991 alipewa baiskeli na kalenda ya kilimo yenye tarehe moja ya kupanda kwa vijiji vyote vya Kibombo. Baiskeli haikudumu. Kalenda aliifuata kwa bidii mpaka vita vikatufikia. Mwaka 1999 wakulima wa kijiji cha Tunda walipanda pamoja, mpunga ukaiva pamoja, na wenye bunduki wakaja wiki ileile ya mavuno. Walibeba mpunga wote. Miezi iliyofuata watu walikula majani ya muhogo peke yake, na tulizika watoto.

Mwingine angelaumu vita akanyamaza. Mama Fidélie alikwenda Tunda kwa miguu, akasimama mbele ya wakulima, akasema: "Muliniamini, mukapanda siku moja. Kosa njo yangu. Sasa tutapanda mara tatu, na kalenda ibakie Kindu."

Basi kila familia ikagawa mbegu zake mafungu matatu, ikapanda fungu moja kila baada ya wiki tatu, na muhogo ukaachwa ardhini mbali na njia. Wenye bunduki waliporudi walikuta theluthi tu ya mpunga imeiva. Wakubwa wa kituo walimwandikia barua mbili za onyo kwa kuvunja ratiba. Alizitundika ukutani juu ya meza yake, na vumbi hulifuta mwenyewe. Siku hizi mvua huja inavyotaka, lakini shamba la kwanza huwahi kuiva na kuipunguza ile miezi ya njaa. Asiyeamini aende Tunda, atalishwa.

Mwezi huu mradi mpya umeleta kalenda mpya, ya rangi, ya kupendeza. Ina tarehe moja. Wenye mradi walitaka Mama Fidélie aitie sahihi kabla hajaondoka, kwa kuwa wakulima humwamini yeye. Amekataa. Wakatuuliza nani kati yetu atasaini badala yake. Sisi watumishi tisa tumekaa, tumekubaliana, na jibu letu ni hili: hakuna.

Asante, Mama, kwa kosa ulilolikiri na kwa ukaidi wako. Tunakutakia uzee wenye afya na shibe. Barua zako ziache ukutani. Vumbi tutalifuta sisi.